Mabuti kwa Kubofya Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Leo bahati imenijia mezani. Imenikuta nimeketi wima, tai imekaa sawa, kalamu mkononi.

Meneja ametuita makarani wawili wa ofisi ya kumbukumbu: mimi na Rula. Rula si jina lake, ila humu kwenye kiwanda cha sabuni hana jina jingine. Anatembea na rula ya chuma mfukoni mwa shati. Hata bahasha haifungui mpaka aipime. Meneja amesema sakafu zetu zinateleza, sabuni imeshaangusha watu watatu mwezi uliopita, kwa hiyo kila mfanyakazi atapewa mabuti mapya ya mpira. Mtunza stoo ameshapima miguu ya wote. Orodha iko kwenye kompyuta: watu elfu moja mia mbili na kumi na saba, kila mmoja na urefu wa mguu wake kwa sentimita. Inatakiwa namba ya buti ya kila mtu. Muda: siku kumi za kazi.

Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba chumba cha mkuu wa kumbukumbu kiko wazi tangu yule mzee astaafu, na yeye anatafuta mtu makini wa kukikalia.

Chumba! Kina mlango! Kina dirisha! Miaka kumi na moja mimi nimekaa kwenye korido, katikati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo. Najua mazoea ya tumbo ya kila mtu katika jengo hili.

Rula alifungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshasema, "Nitaifanya mimi, Mama." Akafunga mdomo. Akaigusa rula yake. Nimefurahi sana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Urefu wa mguu, jumlisha sentimita moja ya soksi, zidisha kwa moja na nusu. Hiyo moja ya soksi nimeiweka peke yake juu kabisa ya safu ya mwisho, na kila fomula inaisoma hapo. Safu hiyo ya mwisho naipenda. Chini ya ile moja nimehamishia hesabu yangu ya siri: vikombe vya chai anavyokunywa Rula kila siku. Siku mia moja na themanini na tatu mpaka sasa. Namba tupu, hazina kichwa cha habari. Mtu akipita anadhani ni kazi. Iko siku Meneja atataka kujua saa za ofisi zinapotelea wapi, nami nitakuwa na takwimu.

Nimeandika fomula kwenye mstari wa kwanza, ambao ni wa Meneja mwenyewe. Nikaiandika tena wa pili. Nikaiandika tena wa tatu. Mpaka saa kumi na moja jioni, mistari mia moja na arobaini. Kidole cha shahada kimekufa ganzi.

Mke wangu ameuliza kwa nini nashindwa kutulia kwenye kiti, naenda na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimemwambia aanze kufikiria mapazia ya ofisi. Ameniambia nianze kufikiria kula, chakula kinapoa.


Jumanne, 4 Machi

Mstari wa mia mbili na sitini kabla ya saa nne! Mgongo unauma. Nimesimama mara sita. Nimekaa mara saba, sijui imekuwaje.

Saa nne dada wa mapokezi amekuja kuazima stepla. Amesimama nyuma yangu muda mrefu kuliko stepla inavyohitaji.

"Kaka, mbona unaandika kitu kilekile kila mstari? Umepewa adhabu?"

Nimemjibu kwamba huo ndio utaratibu wa usalama. Amecheka hadi akajishikiza kwenye mashine ya fotokopi, ikatoa karatasi tatu. Kisha akanionyesha kijidoa kidogo kwenye pembe ya chini ya seli, kile kisanduku cha namba. Miaka kumi na moja nimekuwa nikidhani ni uchafu wa kioo. Mara mbili nimejaribu kukifuta kwa leso.

Akasema nikishike kwa kipanya nikiburute chini. Nimekishika. Nimeburuta. Orodha ikatimka kama mbuzi aliyekata kamba! Nilipofanikiwa kusimama nilikuwa mstari wa elfu tisa, huko ambako hakuna mtu wala mguu. Nikarudi juu. Nikapitiliza mpaka kwa Meneja. Nikashuka tena. Elfu kumi na moja.

"Usikiburute," akasema. "Kibofye mara mbili, halafu kiache."

Nikabofya mara mbili pale kwenye mstari wa mia mbili na sitini. Kufumba na kufumbua, safu ikajaa namba kwenda chini, chini, chini. Kazi ya siku nane ikaisha kabla sijafunga mdomo.

Nilitaka kuruka. Halafu akili ikanijia. Meneja akijua kwamba kazi hii ni ya kubofya mara mbili, atasema yeyote anaweza. Hata Rula anaweza! Chumba hakitolewi kwa mtu aliyebofya. Kinatolewa kwa mtu aliyeteseka.

Mpango: sisemi kitu. Naendelea "kufanya kazi" siku zote zilizobaki. Siku ya tisa naingia kwa Meneja na macho mekundu, nywele timutimu, nakabidhi. Dada wa mapokezi amekubali kufunga mdomo, kwa sharti kwamba nimshikie meza yake kila saa ya chakula cha mchana. Nimekubali. Bei ya mlango na dirisha si kitu.

Stepla ameondoka nayo.


Jumatano, 5 Machi

Sikujua kwamba kutofanya kazi ni kazi.

Kuanzia saa mbili nimepiga kibodi. Kwanza niliandika majina ya ndugu zangu wote. Kisha majina ya ndugu wa mke wangu. Saa tatu nikawa nimewamaliza. Nikaandika barua ndefu ya kumshukuru Meneja kwa kunipa chumba. Nikaifuta. Mguu wa kushoto ukaanza kutikisika wenyewe. Nikaukanyaga kwa mguu wa kulia. Yote miwili ikaanza. Nimekwenda choo mara tano bila haja, ila kwa kuwa ni mahali pa kwenda.

Rula ameinua kichwa na kuniambia kwa upole kwamba leo napiga kibodi kama mtu anayeua nzi. Kisha akasema kama nimechoka yeye yuko tayari kunisaidia kuhakiki, mstari kwa mstari, kwa rula yake. Nimemjibu kwamba kazi nyeti haina haja ya macho manne. Akaenda kuchukua chai. Kikombe cha tatu, saa tano haijafika! Nimekiandika.

Meneja amepita. Ameuliza nimefika wapi. Nimesema mia tatu na ushee, nikapumua kwa nguvu. Amesema nitunze macho. Ametumia neno "mwanangu"!

Saa ya chakula nilikuwa mapokezi. Simu kumi na nne. Tisa walimtaka dada wa mapokezi. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mchumba wake mpya. Nikamwambia apige tena baada ya chakula.


Alhamisi, 6 Machi

Kukaa kimya kumenishinda, nikaamua walau niiangalie kazi yangu. Nimeshuka chini ya orodha taratibu. Namba zimeishia mstari wa mia nne na mbili! Kuanzia mia nne na tatu kwenda chini, weupe mtupu. Watu zaidi ya mia nane bila buti!

Mapokezi, mbio. Dada amesema bila kuinua macho kwenye kucha zake kwamba ukibofya mara mbili fomula inashuka mpaka ikutane na pengo, ikikuta pengo inadhani safari imeisha. Nikarudi mbio. Kweli, mstari wa mia nne na tatu hauna urefu wa mguu. Ni wa fundi wa boila.

Nimeshuka kwa fundi wa boila. Amesema mtunza stoo alimwambia avue viatu mbele za watu, na yeye tangu aoe hajavua viatu mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwake. Nimembembeleza. Nimempaka mafuta kwa maneno. Amesema miguu ni yake. Nimemtazama kwa jicho la pembe toka kisigino hadi kidole, nikakadiria ishirini na saba. Nilipoondoka akaniita akasema, "Hata kukadiria sijaruhusu."

Nimeweka ishirini na saba. Nimebofya tena. Safari hii imeshuka hadi mtu wa mwisho, mfagiaji wa lango la nyuma. Rahisi kama kumsukuma mlevi.

Kwa uhakika zaidi nimezihakiki mwenyewe namba mia moja za juu, moja moja. Sawa zote. Meneja sawa. Mhasibu sawa. Madereva sawa. Juu kukiwa sawa, na chini ni kulekule.


Ijumaa, 7 Machi

Siwezi! Siwezi kukaa siku sita zaidi nikiua nzi wasiokuwepo. Mke wangu anasema jana usingizini nimempigia kibodi mgongoni.

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza: kumaliza mapema. Mtu aliyeteseka anapata heshima. Aliyeteseka haraka anapata zaidi.

Saa tatu nimejimwagia maji kidogo usoni, yaonekane jasho, nikaingia kwa Meneja. Nimeweka karatasi zote mezani. Amefungua mdomo. Amesema siku tano! Nimesema sikulala. Amesema watu wa namna yangu wameadimika. Rula alikuwa mle ndani na barua zake. Akauliza, kwa sauti ile yake ya kuomba samahani, kama angeweza kuchagua majina kumi tu ya katikati ayapime kwa mkono kabla oda haijaenda.

Nikasimama. Nikauliza mbele ya Meneja: huniamini? Miaka yote hii, meza kwa meza, huniamini?

Rula akasema si hivyo. Meneja akasema basi, yaishe, oda iende. Imeenda kabla ya saa sita.

Nimepita mbele ya kile chumba nikipima mlango kwa macho. Meza yangu itaingia kwa ubavu.


Jumatano, 19 Machi

Siku kumi na mbili za kusubiri. Nimekuwa kiguu na njia: korido, lango, stoo, lango. Mlinzi ameniuliza kama nimehamishiwa kwake.

Leo simu imetoka kwa wauzaji wa mabuti, nami nilikuwa mapokezi kama kawaida ya mchana. Mtu wa upande wa pili ameuliza kwa adabu kama ni kweli tuna wafanyakazi wengi wanaovaa arobaini na sita, arobaini na saba, arobaini na tisa. Na huyu mmoja wa hamsini na moja, je, ni binadamu? Wamelazimika kutafuta kalibu maalumu ya kumimina mpira.

Ningeweza kusema ngoja niangalie. Ulimi ulifika hapo. Lakini Rula alikuwa amesimama karibu na birika, masikio wazi. Nikasema kwa sauti ya mkuu wa idara kwamba kiwanda hiki kinaajiri watu wenye miili, na oda ni hiyohiyo.

Alipokata simu mguu wangu wa kushoto ulitikisika kidogo. Nimeukanyaga.


Jumatatu, 24 Machi

Mabuti yamefika.

Wote walikusanyika uani, vitengo kwa vitengo, maboksi yamepangwa kwa majina. Meneja wa kwanza. Akavaa. Akapiga hatua mbili. Akageuka akatabasamu: yamemkaa kama yamezaliwa naye! Makofi. Nilisimama karibu naye, mikono nyuma, jinsi wakuu wanavyosimama. Wahasibu wakavaa. Madereva wakavaa. Wafungaji wa bidhaa wakavaa. Makofi tena. Watu mia mbili na sitini wenye raha.

Kisha ikafika zamu ya kitengo cha kukata sabuni, anakofanya kazi shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Shemeji ni mtu mfupi, mguu mdogo, mpole kupindukia. Akafungua boksi lake. Akatoa buti. Likaendelea kutoka. Mwisho wake ulipoonekana waliokuwa mbele wakarudi nyuma hatua moja. Lingetosha kumlaza mtoto mchanga ndani na mto wake.

Namba hamsini na moja. Shemeji anavaa thelathini na tisa.

Akanitazama kutoka ng'ambo ya ua. Nikatazama mawingu. Shemeji hakutaka kuniaibisha mbele ya Meneja. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Alichukua matambara ya kufutia mashine, akayasokomeza ndani, akavaa, akaninyanyulia dole gumba, akaelekea kazini kwa hatua za bata.

Kwenye sakafu ya kukatia alipiga hatua tatu. Ya nne haikuwa hatua. Alikwenda amesimama wima, mikono kando, toka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho wake, akiwapita wenzake mmoja mmoja kama anayekagua gwaride, mpaka kwenye shehena ya sabuni za kufulia. Nilisikia kishindo nikiwa uani.

Kifundo cha mguu kimeteguka. Amebebwa na watu wanne, ambao nao wawili walikuwa na arobaini na tisa.

Na huku uani waliobaki wakawa wanapiga kelele za aina nyingine. Hao mabuti yao yalikuwa madogo. Watu mia saba na zaidi, wanachechemea kama wanaokanyaga makaa. Mfagiaji wa lango la nyuma alikaa chini akalia waziwazi, buti limegoma kuingia wala kutoka. Fundi wa boila alisimama mlangoni na viatu vyake vya zamani, mikono kifuani, ametulia kabisa.

Meneja akanigeukia. Alinitazama tu. Hakuna "mwanangu" katika macho yale.

Nyumbani mke wangu amemketisha kaka yake kwenye kiti changu, mguu juu ya mto wangu. Ameniuliza swali moja: "Yeye alikukosea nini?" Nimekula nimesimama.


Jumanne, 25 Machi

Nimejikaza kisabuni, nikaingia kwa Meneja. Walikuwapo Rula, dada wa mapokezi, na kompyuta yangu mezani, imewashwa. Mtu kuona kompyuta yake kwenye meza ya mkubwa ni kama kuona nguo zake za ndani zimeanikwa sokoni.

Rula amelaza rula yake juu ya kioo, akaenda mstari kwa mstari. Dakika kumi hivi. Akapata. Mistari niliyoandika kwa mkono ni sawa yote, mia mbili na sitini. Ile niliyobofya ndiyo imeharibika. Dada wa mapokezi ameeleza: fomula ikishuka mstari mmoja, na kile inachokisoma kinashuka mstari mmoja. Mtu wa mia mbili na sitini alisoma soksi. Anayemfuata akasoma namba iliyo chini ya soksi. Anayefuata, ya chini yake tena. Watu mia moja na themanini na ushee wameongezewa namba hizo kwenye miguu yao. Namba zilipokwisha, wengine wote wakajumlishiwa hewa, ndiyo maana yamewabana. Ilitakiwa niweke alama ya dola, ile S yenye mstari, ili fomula ing'ang'anie soksi isitembee.

Meneja akauliza: hizi namba chini ya soksi ni za nini?

Nikasema unyevu.

Unyevu wa nini?

Unyevu wa jumla, Mama.

Akasogeza kipanya mwenyewe. Akaenda kwenye ile iliyompa shemeji hamsini na moja. Tisa. Kipanya kilipotua pale, kikafunguka kijisanduku cha maelezo ambacho niliwahi kukiandika kwa furaha nikakisahau. Meneja akakisoma kwa sauti.

"Rula, vikombe tisa, tarehe ishirini na mbili Oktoba. Rekodi!"

Dada wa mapokezi akatazama kucha. Mashine ya fotokopi ilisikika huko koridoni ikipumua.

Rula aliondoa rula yake kwenye kioo. Kisha akasema, wala hakusema kwa hasira, "Siku ile mama yangu alikuwa anafanyiwa upasuaji. Niliambiwa nisubiri simu. Sikuweza kukaa."

Mimi najua kutoweza kukaa. Mimi, kuliko mtu yeyote katika jengo hili. Nilitaka kumwambia pole, kaka. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilichosema ni kwamba chai nyingi si nzuri kwa tumbo.

Meneja ametoa hukumu. Miguu yote mia tisa na hamsini na saba ipimwe upya. Na mimi. Kwa mikono yangu. Kwa magoti. Chumba amepewa Rula.


Alhamisi, 27 Machi

Siku ya pili sakafuni. Leo miguu mia mbili na kumi na minane. Najua sasa vitu kuhusu vidole vya binadamu ambavyo sikupaswa kujua. Watu wananisalimia "Bwana Hamsini na Moja". Mfagiaji wa lango la nyuma amenishika kichwa ili asianguke, akausahau mkono pale.

Saa nne Rula ameshuka ngazi. Nilidhani amekuja kufurahi. Akakunja suruali, akapiga magoti upande wa pili wa benchi, akatoa rula. Hakuna aliyemtuma. Amepima hadi saa kumi, miguu tisini na sita, na kila namba akainisomea mara mbili ili niandike vizuri. Hata fundi wa boila amekuja. Amemwambia Rula kitu sikioni, wakaenda nyuma ya boila, wakarudi. Ishirini na tano na nusu. Mimi nilikuwa nimeweka ishirini na saba.

Nimefikiria sana kwa nini Rula amefanya vile. Nimegundua. Anataka aonekane.

Shemeji bado yuko kwenye kiti changu. Leo nimemletea maji ya moto ya kukanda mguu bila kuambiwa. Amesema, "Shemeji, usijali, ilikuwa safari nzuri hadi kwenye zile sabuni." Ameanza kucheka, mguu ukamuuma, akaacha. Mke wangu bado anazungumza nami kupitia watoto.


Jumanne, 8 Aprili

Nimerudi juu! Nimerudi kwenye orodha!

Daktari wa macho anakuja kupima wafanyakazi wote, watu ishirini kwa siku, kuanzia Jumatatu tarehe kumi na nne. Kila mmoja apangiwe siku yake. Rula, kutoka kwenye chumba chake chenye mlango, aliniita jana akasema anaamini mtu akipewa nafasi hujirekebisha. Kazi niifanye mimi. Sharti lake moja tu: aione kabla haijabandikwa.

Nilimshukuru sana. Nikashindwa kukaa. Asubuhi hii nimeifanya.

Mimi wa leo si yule wa mabuti. Nimejifunza! Alama ya dola! Fomula haitatembea tena maishani mwangu. Nimeweka dola mbele ya herufi, dola mbele ya namba, dola kwenye tarehe ya kwanza, dola kwenye nafasi ya mtu katika orodha, dola kila palipokuwa na pengo la kuweka dola. Fomula imefungwa minyororo. Halafu nikabofya mara mbili. Nikateremka mpaka chini kabisa kutazama mapengo. Hakuna pengo hata moja. Nimejifunza!

Safari hii nimehakiki juu, katikati na mwisho. Mtu wa kwanza: Jumatatu, 14 Aprili. Mtu wa mia sita: Jumatatu, 14 Aprili. Mfagiaji wa lango la nyuma: Jumatatu, 14 Aprili. Imetulia kama maji mtungini! Hakuna namba iliyosogea hata unywele. Nilikaribia kulia.

Nilikwenda kumwonyesha Rula. Alikuwa kwenye simu, akaniashiria kwa mkono nisubiri kidogo. Nilisimama. Nilihamisha uzito mguu huu, mguu ule. Dakika nzima, labda mbili. Mtu ana kikomo. Nikashuka nikaibandika mwenyewe kwenye ubao wa lango kuu, pini nne, na jina langu chini kwa herufi kubwa. Kisha nikampelekea Meneja nakala, ajue ni nani.

Sasa ni saa sita na robo. Uani kuna kelele za shangwe ambazo sijawahi kuzisikia tangu niajiriwe. Watu wanakumbatiana mbele ya ubao. Mtu amepaza sauti kwamba Jumatatu kiwanda kizima hakuna kazi. Sijui amelitoa wapi, watu wanapenda uvumi. Lakini furaha ni furaha, na imetoka kwenye karatasi yangu.

Mlango wa Rula umefunguka kwa kishindo. Mlango wa Meneja nao. Wananiita wote wawili kwa pamoja, tena kwa jina langu kamili.

Wasubiri kidogo. Nachana nywele kwanza.